Mama wa Vitabu na Walimu wa Mbali

Siku ya kwanza aliponijia shuleni kwangu nilidhani kuna msiba. Mtu wa makamo hapandi mlima wa Newala kwa miguu, siku mbili nzima kutoka Masasi, kwa jambo dogo. Nilimwona akitokeza katikati ya mihogo, kaniki kaikaza kiunoni, fimbo mkononi, vumbi limempanda hadi magotini. Nikawaacha watoto na ubao wao, nikamkimbilia.

"Shikamoo, Mama. Kuna nini huko chini?"

"Malahaba. Huko chini hakuna kitu. Kitu kiko huku juu. Kitabu changu kiko wapi?"

Nilikuwa nimekaa nacho masika yote. Kilikuwa kichwani mwa kitanda changu, nimekiviringisha kwa kitambaa, nacho nilikuwa nimekifungua mara nne tu.

Huyo ndiye aliyetunza vitabu vya misheni yetu, chini ya majabali ya Masasi, enzi za Mdachi. Sisi walimu wa vijijini tulimwita Mama wa Vitabu, nami hapa sitamwita vinginevyo. Alikuwa na chumba kimoja cha udongo chenye paa la nyasi na rafu tatu za mninga. Kazi aliyopewa ilikuwa kufagia chumba hicho na kuwafukuza mchwa. Kazi ya kuwatafutia vitabu watu waliokuwa mbali alijipa mwenyewe.

Na sisi tulikuwa mbali kweli. Tulikuwa walimu kumi na mmoja: wengine Chiungutwa na vijiji vya jirani, wengine bondeni upande wa Ruvuma, mimi na wenzangu watatu huku juu kwa Wamakonde. Tulisomeshwa miaka miwili tu, tukatumwa kufundisha, tukaambiwa kwamba kila mmoja ana mtihani mbele yake. Atakayefaulu ataandikwa mwalimu kamili. Atakayeshindwa atarudi kwenye jembe lake, na shule yake itafungwa. Lakini ungejiandaaje? Vitabu vilikuwa Masasi, na watoto walikuwa kwako. Ukiteremka kwenda kusoma, shule imekufa kabla hata ya mtihani. Ukibaki na watoto, unabaki na kile kidogo ulichotoka nacho. Mama wa Vitabu ndiye aliyelikata fundo hilo, na hakuna aliyemtuma.

Siku ile nilimkiria ukweli. "Sikukimaliza, Mama. Nilifika ukurasa wa kumi nikakwama."

"Mbona hukuniandikia?"

"Niliona aibu."

"Hebu ilete hiyo aibu tuione ilivyo nene, mpaka imekuzuia kushika kalamu."

Alikaa kwetu siku tatu. Asubuhi ya pili mke wangu, Mama Tekla, alipobeba mtungi kuteremka kwenye chemchemi, maana Newala hakuna maji ila uyafuate bondeni, mgeni naye akaomba mtungi. Mke wangu akakataa, akasema mgeni hatumwi maji. Yeye akasema aliyekunywa jana ameshakuwa mwenyeji. Kisha akanigeukia: "Nawe chukua kitabu. Utatufuata nyuma ukisoma kwa sauti." Basi nikateremka ule mteremko nikisoma, nikijikwaa kwenye mizizi, wanawake wa kijiji wakicheka hadi wakashika mbavu. Kila nilipokwama aliuliza, "Hapo maana yake nini?" Nikisema sijui, Mama Tekla, asiyejua kusoma hata herufi, alikisia maana, na mara nyingi alikisia sawa. Tuliporudi juu na maji nilikuwa nimepita ukurasa wa thelathini.

Yeye mwenyewe hakuwa msomaji hodari. Hili wengi hawakulijua. Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, na ukurasa mmoja ungeweza kumchukua tangu sala ya asubuhi hadi jua la utosi. Herufi ya "r" hakuiweza ulimini. Kwake karatasi ilikuwa "kalatasi" na Ruvuma ilikuwa "Luvuma", kama kwa Wayao wengi wa rika lake. Lakini hakuna aliyezijua rafu zile kama yeye, kwa sababu ya sharti lake moja: kitabu kirudi na maneno yake. Ukirudisha kitabu, unakaa kigodani, unamsimulia kilichomo, mwanzo hadi mwisho. Ukishindwa kuja, unamsimulia atakayekibeba, naye anakuja kusimulia. Ndiyo kodi ya maktaba ile.

Nilikuwapo siku padre mmoja mgeni alipoingia akitafuta mahali palipoandikwa habari za nzige. Alipekua nusu ya asubuhi. Mama wa Vitabu alikuwa akifagia. Akasema bila kuinua kichwa:

"Lafu ya pili, lile jalada la kijani. Kalibu na mwisho, baada ya picha ya ngamia."

Padre akafungua, akapata. "Umekisoma kitabu hiki?"

"Nimekisikia," akajibu. "Mwalimu wa Chiungutwa alikisimulia vizuri, ila kwenye nzige alihalakisha."

Kwa vitabu alikuwa mkali kupita kiasi. Alikagua vidole vyako kabla hujashika chochote. Kucha chafu zilikurudisha kisimani. Alikataza chakula, alikataza moshi, alikataza hata kukohoa karibu. Na katikati ya makatazo hayo yote alivuta ugoro wake papo hapo mlangoni, akapiga chafya juu ya rafu, akafuta kwa upindo wa kaniki, kisha akaendelea kukukataza. Mwalimu mmoja alirudisha kitabu chenye alama ya kidole cha ugali. Akaapa mbele yetu kwamba mtu yule hatapata kitabu tena masika yote. Hakupata. Lakini wiki ileile kitabu kilichofuata kilipelekwa kijijini kwake, na ujumbe wa mdomo: "Nimemwazima mkewe, siyo yeye. Akitaka kukisoma mkewe akiwa amekishika, hilo ni shauri la nyumbani kwao."

Na mwanamke huyo aliyepigana na vumbi la ukucha ndiye aliyekichukua kitabu kizima, kipya, akakipasua kwa kisu cha mboga.

Kilikuwa kitabu cha kazi ya ualimu, kikubwa, ambacho kila mtahiniwa alipaswa kukijua. Kilikuwa kimoja tu, na sisi kumi na mmoja. Akimpa mmoja, kumi wanangoja. Basi akakigawa vipande sita kwa sura zake, akavishona kila kimoja kwa uzi wa darasa la ushonaji, akavivika majalada ya kitambaa cha merikani. Padre mkuu wa misheni alipoingia na kuviona alibadilika rangi.

"Mama! Umekiharibu kitabu!"

"Nimekizalisha, Padle. Kilikuwa kimoja, sasa ni sita."

"Na kikipotea kipande kimoja?"

"Kikipotea kizima je?"

Padre akatoka. Nadhani alikuwa amekasirika kweli, lakini baada ya siku mbili alimpelekea uzi mwingine.

Vipande vile vilianza kusafiri. Kijiji hiki kikimaliza chake kinakipeleka kijiji cha pili, cha pili kinapeleka cha tatu, kama maji ya mfereji. Wapagazi wake walikuwa wanawake wafinyanzi wa huku juu, walioteremka Masasi na vyungu na kurudi na vilivyosalia. Yeye aligundua kwamba kitabu ndani ya chungu kilichofunikwa hakilowi hata mvua ikinyesha kutwa. Mara nyingi nimefunguliwa chungu mlangoni kwangu, nikatarajia mboga, nikakuta sura ya tatu.

Ndani ya kila kipande aliweka karatasi tupu. Ukikwama unaandika swali lako hapo, na karatasi inateremka. Yeye hakujua majibu mengi, na wala hakujifanya anajua. Alimtafuta ajuaye. Swali la Maandiko alilipeleka kwa shemasi, la mimea kwa mganga wa mizizi, la nchi za mbali kwa mzee aliyewahi kuwa baharia. Mimi hesabu za sehemu zilinishinda kabisa. Niliandika: "Mama, nusu ya robo ni nini? Naona giza." Baada ya siku tisa chungu kilikuja na kijiti cha mpingo, kirefu kama mkono wangu, chenye alama za kisu. Alikuwa amekwenda kwa seremala wa misheni, akamwambia: kuna mwalimu mlimani haoni, mtengenezee kitu cha kushika. Alama ndefu ilikuwa nusu, fupi robo, ndogo zaidi nusu ya robo. Nilikaa kizingitini nikapapasa alama zile kwa kidole gumba, na jambo lililonishinda miaka miwili likaingia kabla ubwabwa haujaiva. Nilipiga kelele mpaka Mama Tekla akatoka nje na mwiko. Kesho yake kila mtoto darasani alikata kijiti chake.

Ukimshukuru alikasirika. "Usinishukulu mimi. Uliza lingine." Na mwalimu aliyerudisha karatasi tupu alimshuku kuliko aliyerudisha maswali ishirini. Alikuwa akisema, asiyekuwa na swali hakufungua kitabu. Hapo nadhani alikosea. Kulikuwa na mwenzetu mmoja mkimya sana wa bondeni, hakuwahi kuuliza neno, naye alisoma kutuzidi wote. Mama wa Vitabu alimsema vibaya mara nyingi. Baadaye lilimuuma.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji. Habari zilifika kabla ya watu: nchi inawaka, wapiganaji wanakuja, kimbieni. Familia zilifunga mikeka, zikaelekea huku juu, nyingine pwani. Rafu za Mama wa Vitabu zilikuwa karibu tupu, kwani vitabu vingi vilikuwa kwetu vijijini, jambo ambalo Padre alikuwa akimlaumu kila mwezi. Vilivyobaki alivigawa. Alisimama njiani asubuhi ile, na kila aliyepita na mzigo, Mkristo au Mwislamu, alimwekea kimoja juu. "Ongeza na hiki. Ni chepesi kuliko mtoto." Wa mwisho alipopita, naye akafuata.

Misheni iliungua. Moto ulishika nyasi za paa la chumba cha vitabu, na rafu za mninga zikawa majivu. Nani aliuwasha sijui mpaka leo, na yeye hakupenda kulijadili. Alisema nchi nzima imelia, asiulizwe habari za rafu tatu.

Alikaa kwangu miezi ya vita na sehemu ya ile njaa iliyofuata. Tulichimba mizizi mwituni, tukala. Sikumwona akilia, ila siku moja tu: siku tulipoletewa habari kwamba yule mwalimu mkimya wa bondeni amekufa. Aliingia ndani, akaufunga mlango, na Mama Tekla akaniambia nisimwite.

Amani iliporudi, Padre alituita Masasi, penye kuta nyeusi. Alikuwa amekonda, koti limemlegea. Akasema kwa huzuni kwamba vitabu vimekwisha, kwa hiyo mtihani hauwezekani, na wakubwa wake wameona shule za mbali zifungwe mpaka hapo Mungu atakapojalia. Nilikuwa nikiwafikiria watoto arobaini na vijiti vyao.

Mama wa Vitabu akasimama. "Padle, vitabu havikuungua."

"Mama, sote tumeona chumba."

"Chumba kimeungua. Vitabu havikuwamo."

Akaanza kutaja. Hakuwa na daftari. Alitazama mbele yake kama mtu anayesoma ukutani. Kile cha jalada la kijani kiko kwa fulani, aliyekimbilia Lulindi. Zaburi iko kwa mke wa seremala. Sura ya tano iko Chiungutwa. Ya pili iko kwa huyu hapa. Alitaja mpaka Padre akaketi. Alipomaliza akasema, "Nipe mwezi mmoja."

Nilikwenda naye nusu ya safari ile, na ndizo siku nilizowahi kutembea kwa furaha kuliko zote. Tuliviokota vitabu kama uyoga baada ya mvua. Kimoja kilitoka ndani ya mzinga wa nyuki usiokuwa na nyuki. Kimoja kilitoka kwenye kihenge cha mtama, mtama ulikuwa umeshaliwa, kitabu kimelala chini peke yake. Pale Masasi mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa chumvi na nguo, alitoka nyumbani kwake na vitatu, vimefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Nilikimbia navyo hadi pwani nikarudi navyo," akasema. "Neno lililoandikwa halitupwi, Mama. Nilivilaza pamoja na msahafu."

Mama wa Vitabu alimpigia goti mzee yule. Sikuwahi kumwona akimpigia mtu goti, hata Padre.

Cha ualimu tulipata vipande vitano. Cha nne hakikuwapo. Kilikuwa bondeni, kwa yule mwalimu aliyekufa, na nyumba yake iliteketea. Tulikwenda hata hivyo, kutoa pole. Mjane wake alitukaribisha chini ya kibanda kipya, akatupa maji. Mama wa Vitabu hakutaja kitabu. Mjane ndiye aliyekitaja.

"Kile kitabu chenu kiliungua, Mama. Lakini mume wangu alikuwa akinisomea kila jioni, mara tatu alikimaliza. Alisema anaogopa kukuletea maswali ya kijinga, kwa hiyo alirudia mpaka aelewe." Akainamisha kichwa. "Nikisema ninavyokumbuka, itafaa?"

Mama wa Vitabu alifunika uso kwa kaniki. Kisha akanipa ishara nitoe kalamu. Siku mbili mjane yule alisimulia, nami nikaandika: namna ya kuanza somo, namna ya kumwuliza mtoto mzito bila kumtahayarisha, yote, kwa mpangilio, wakati mwingine kwa sauti ya marehemu mwenyewe. Jioni ya pili Mama wa Vitabu alishona karatasi zile kwa jalada la merikani, akaandika nje, kwa mkono wake mzito, jina la mwalimu yule.

Mtihani ulifanywa. Msahihishaji alikuja kutoka mbali, akakaa kwenye kiti kati ya kuta nyeusi, nasi chini ya turubai. Kumi tuliingia, tisa tulifaulu siku ile, na wa kumi alifaulu mwaka uliofuata. Padre alipomaliza kusoma matokeo tulimbeba Mama wa Vitabu juu juu, akitupiga kwa fimbo na kutuita wahuni, tukamzungusha misheni nzima mara mbili. Hakuna hata shule moja iliyofungwa. Kwangu watoto walikuwa wamesimama ukingoni mwa mlima tangu alfajiri wakingoja nitokeze, na waliponiona napunga kofia nilisikia sauti zao kabla sijaziona nyuso.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka kadhaa baadaye, kabla ya Wazungu kuanza vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilikuwa nimepewa kusaidia kusimamia mtihani wa walimu, nao safari hii ulifanyika Newala. Vijana waliketi kwenye magogo, wakinong'ona sura zao. Akaingia, nywele nyeupe tupu, akaketi gogo la mbele.

"Shikamoo, Mama," nikasema. "Umekuja kututazama?"

"Malahaba, mwanangu. Nimekuja kufanya mtihani."

Nilicheka, nikaona yeye hacheki. Akaniambia kwamba mwaka wa pili huu anawafundisha wasichana katika kijiji kimoja ukingoni mwa mlima, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kwenda. Vitabu anatumiwa kutoka Masasi. "Kuna binti ameshika chumba sasa. Mkali huyo! Nilichelewesha kimoja akataka kuja mwenyewe."

Msahihishaji, padre mgeni asiyetujua, alinivuta kando. Aliuliza umri. Aliuliza kama ni halali mwanamke mzee kuandikwa. Nikamwambia nilichokuwa nacho moyoni: "Padre, kila mwalimu unayemwona upande huu amepitia mikononi mwake. Mwache asome."

Alisoma mbele ya watu wote. Alitia kidole, midomo ikaanza kucheza. Neno. Kimya. Neno. Vijana walitazama chini kwa huruma. Msahihishaji alitoa saa mfukoni, akairudisha, akaitoa tena. Mimi nilitamani nimsaidie, nikajua nikimsaidia hatanisamehe. Alisoma ukurasa mzima hivyo, jua likasogea kwenye uso wake, akafika kwenye nukta ya mwisho. Hakukosea hata neno moja.

"Sasa eleza maana yake," akasema msahihishaji.

Hapo alifunga kitabu. Akainua uso, akaeleza. Alieleza ukurasa ule, kisha uliotangulia, kisha uliofuata ambao hakuulizwa, akataja pale ambapo mwandishi amesahau kwamba watoto wengine huja shuleni wakiwa na njaa, na akasema yeye hufanya nini na watoto hao. Vijana walianza kuitikia kwa vichwa, halafu kuandika. Msahihishaji naye alichukua kalamu. Nilichungulia nikidhani anaandika alama. Alikuwa anaandika maneno ya Mama wa Vitabu.

Matokeo yalisomwa alasiri, nje, mbele ya watu waliotoka sokoni. Jina lake lilikuwa la kwanza. Lilisomwa kamili, nami nikatambua kwamba miaka yote ile sikuwahi kulisikia. Wanawake walipiga vigelegele hadi mbuzi wakakata kamba. Vijana wakamkimbilia. Aliwazuia kwa kiganja.

"Ngojeni kwanza," akasema. Akanigeukia, akaninyooshea ile karatasi ya matokeo. "Hebu isome tena, kwa sauti. Pole pole. Nataka kulifuata jina kwa kidole."

Nikaisoma tena, naye akalifuata jina lake kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.